Upande wa Pili wa Kaseti ya Mama

Litapunga,
Makazi ya Katumba,
Mpanda.
Jumapili, 17 Novemba 1996

Kaka yangu mpendwa Libérat,

Amahoro. Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umekaa kitandani, hujalala, maana uliniandikia kuwa siku unayoweza kukaa ndiyo siku njema. Kifua kinaendeleaje? Homa ya jioni imepungua? Mama Mdogo Generosa anauliza kama mnapewa uji wa ulezi au wa mahindi. Anasema wa mahindi mtupu haujengi damu, na kwamba umwambie hivyo Sista Verdiana, ila umwambie kwa adabu.

Sisi huku tu wazima. Mvua zimechelewa. Tulipanda mahindi kwa mvua ya kwanza, halafu jua likarudi, na kanga wa porini wakaja kufukua mbegu, kwa hiyo tumepanda tena. Kaburi la Baba na la Mama tumeyapalilia. Mtihani wa darasa la saba nilifanya mwezi wa tisa, sasa nasubiri majibu. Mwalimu anasema nina nafasi ya kwenda sekondari. Sare ya sekondari ya dada wa rafiki yangu Kalista nimeshaijaribu, na ilinienea.

Oswaldi, yule dereva wa lori la mahindi, anaondoka Jumatano kuja huko Sumbawanga. Nimempa mfuko, na ndani yake imo kaseti uliyoiomba. Nakusihi, kaka, usiitie kwenye redio ya Sista kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Uliandika kwamba tangu upate barua yangu ya mwezi wa saba, yenye maneno ya Mama ya kukusamehe, umeanza kula, umewasomea wenzako wa wodini, na sasa unataka sauti yake tu. Nitafika kwenye sauti. Lakini sitaweza kufika bila kukueleza kwanza habari za ile gemu uliyonitumia, kwa sababu mambo haya mawili yamefungana.

Siku ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi, na niliona yote nikiwa mlangoni. Niliona Mama akilivunja gitaa lako ulilolitengeneza kwa galoni na kuliweka mafigani chini ya chungu cha maharage. Nilimsikia akisema, majirani wakiwa wamesimama hapo, kwamba mtoto anayeacha kwaya ya Mungu akapige muziki wa baa hakumzaa yeye. Nikakusikia na wewe ukijibu, basi na mimi sina mama. Maharage yale hakuna aliyeyala. Nayaandika haya ujue kwamba nayakumbuka kama yalivyokuwa, wala sikuyapamba.

Gemu ilifika mwaka tisini na nne, Oswaldi akasema umeinunua Tunduma na umesema ni ya Joséline. Hukuweka salamu ya mtu mwingine. Nilikuwa mtoto wa kwanza Litapunga kuwa na gemu ya matofali, kile kichezeo cha betri ambacho ukijaza mstari wa matofali unafutika. Watoto walipanga foleni mpaka kwenye shimo la takataka. Wasiopata zamu walikaa kusikiliza ule wimbo unaolia mchezo unapoanza, na baada ya mwezi mmoja kila mtoto aliuimba akichota maji. Siku moja Mama aliichukua, akaigeuza nyuma na mbele kama mtu anayekagua yai, akairudisha. Alipoanza kuumwa nilikuwa nikicheza karibu na kitanda chake, akaniambia nipunguze sauti. Nikataka kuzima kabisa. Akasema amesema nipunguze, hakusema nizime.

Betri tulizianika juani ili zidumu, tukaziuma kwa meno, lakini zilichoka, na wimbo ukawa unajikokota kama ng'ombe mgonjwa. Hapo ndipo alipokuja Mzee Telesphor, yule mchonga mizinga ya nyuki jirani yetu. Aliniomba niiwashe tena. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema kwamba aliyeutunga wimbo huu anajua kazi, ila kafungiwa kwenye kisanduku kidogo na hana hata mtu wa kumwitikia. Akaenda kwake akarudi na ikembe lake, kile kiubao chenye vyuma kinachochezwa kwa vidole gumba, akautafuta wimbo chuma kwa chuma. Watoto walicheka sana. Kalista alisema Mzee akifika kwenye lango la mbinguni atamwuliza Petro kama betri zipo. Mzee akamjibu, bila kuinua macho, kwamba yeye ana betri kumi, na akamwonyesha vidole vyake.

Wimbo ulikuwa ule ule na haukuwa ule. Wa gemu unakimbia, na ukifika mwisho unarudi mwanzo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mzee aliufanya utembee. Akauwekea sauti nzito chini, akaacha nafasi, na katika zile nafasi akaingiza maneno ya Kirundi kuhusu mtu anayejenga nyumba ambayo kila akimaliza ukuta, ukuta unatoweka. Watu wazima waliokuwa wakipita walisimama waliposikia maneno hayo. Hawakucheka.

Tangu siku hiyo tulikwenda kwake kila tulipotoka shule. Kwanza tulitaka wimbo wa gemu tu. Lakini Mzee alikuwa mjanja. Alianza na wimbo wetu, na alipoona tumeshatulia aligeuza kidogo, akaingia kwenye wimbo wa wachunga ng'ombe wa kwao Burundi, wa miaka ya babu zetu, nasi tukajikuta tuko ndani bila kujua tumepita mlango gani. Nyimbo hizo tulikuwa tukizikimbia. Tulisema ni za wazee na za msibani. Salima, ambaye baba yake anatuletea dagaa kutoka Karema, alisema wimbo wa gemu ukichezwa hivyo unafanana na nyimbo za wanawake wa ziwani kwenye arusi, akatufundisha makofi yao, yale ya kupokezana. Kalista naye akaleta kiitikio cha Kikonongo ambacho bibi yake huimba wakirina asali. Kila mmoja alileta cha kwao kwa sababu wimbo wenyewe haukuwa wa mtu yeyote kati yetu.

Sikio langu lilibadilika, kaka. Zamani nikigeuza kitufe cha redio na kukuta magitaa ya Kongo niliruka, nikikuta taarabu niliruka, na kwaya nilizikimbia kuliko vyote, kwa kuwa nilizaliwa ndani yake na nilidhani nimezimaliza. Sasa nilianza kusubiri, ingawa zamu ya kwaya ilichelewa. Nilisikiliza sauti ya chini iko wapi, anayeitikia anaingia lini. Hata muziki wako, ule uliokutoa nyumbani, nikausikia mara ya kwanza, nikajua kwa nini ulishindwa kuuacha.

Mama Mdogo Generosa, ambaye sasa ndiye anaongoza kwaya mahali pa Mama, alitukemea kwamba tunamfanya Mzee wa watu chombo cha mchezo wa shetani. Siku moja alikuwa akibangua karanga, akawa anaguna ule wimbo puani, mwanzo mpaka mwisho. Kalista akamsogelea, akamwuliza kwa upole, shikamoo Mama, mmefika hatua ya ngapi? Alimrushia ganda la karanga. Lakini siku ya sherehe ya mavuno alimwita Mzee kanisani aje na ikembe lake, na kwaya ikaimba ikisindikizwa nalo, na watu waliotoka kijiji cha jirani waliuliza wimbo huo umetoka parokia gani.

Mama wakati huo alikuwa ameshatuacha, kwa hiyo hakusikia. Hili nimelifikiria mara nyingi.

Sasa nafika kwenye kaseti. Unajua desturi yetu huku kwenye makazi ya wakimbizi, mtu asiyejua kuandika na mwenye ndugu walio mbali husema maneno yake kwenye kaseti, na aliyelala kitandani asiyetarajia kuinuka hufanya vivyo hivyo. Wiki mbili kabla ya kufa, Mama alimwomba Katekista Nestori aje na redio yake. Kaseti safi haikuwapo, kwa hiyo alileta kaseti ya zamani ya kwaya. Upande wa kwanza ulifutwa wote, na Mama akasema nasi, kila mtoto kwa jina lake na kila shamba kwa mpaka wake. Tuliusikiliza pamoja tulipoondoa matanga. Jina lako halikuwamo. Niliona watu wakitazama chini.

Baada ya hapo Katekista alivunja vile vidude viwili vya nyuma ili mtu asiweze kurekodi juu yake, na Mama Mdogo akaiweka sandukuni. Mimi sikuambiwa neno jingine.

Mwezi wa sita mwaka huu Mzee Telesphor alivimba miguu. Alikuwa bado anapiga ikembe, lakini akicheza nyimbo mbili anapumzika. Nilipata wazo ambalo nililiona zuri sana. Nilitaka nikupelekee wimbo wa gemu yako, ujue ulivyokua huku kwetu, na usikie kwamba hata ndani ya kanisa la Mama sasa kuna mlango. Nilitaka pia sauti ya Mzee isipotee. Nilitafuta kaseti Litapunga yote, nikamtuma mtu Mwamkulu, nikatuma hadi Mpanda mjini. Hazikupatikana. Ndipo nikakumbuka sanduku.

Nilijua upande wa kwanza ni Mama, na sikuugusa, nakuapia. Niliweka upande wa pili nisikilize una nini. Ilikuwa kwaya. Ilikuwa rekodi ya zamani, Mama akiongoza, wimbo ambao ungeweza kuniamsha usingizini nikauimba. Nilisikiliza ubeti mmoja, nikaona najua kila kitu kinachofuata. Nikazima. Nilifanya kama tunavyofanya wote huku, nikatafuna karatasi, nikaziba matundu yale yaliyovunjwa, nikaazima redio ya Katekista bila kumwambia ya kazi gani, nikaenda kwa Mzee mchana wa Jumamosi. Alipiga vizuri kuliko siku zote. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Barua yako ya kwanza kutoka hospitali ilifika mwezi wa saba. Uliuliza jambo moja tu, kama Mama alisema neno lolote juu yako kabla ya kufa. Niliisoma kwa sauti mbele ya Mama Mdogo. Akafurahi, kaka. Akainuka akasema mwandikie sasa hivi, mwambie maneno yake yapo. Akanieleza kwamba Mama, alipomaliza upande wetu, aliomba upande wa pili uwe wako peke yako. Alitaka zile nyimbo mbili za kwaya zilizo mwanzoni zisifutwe, na maneno yake yaanze baada yake. Alimwambia Katekista kwamba kama Libérat anamtaka mama yake atakaa asikilize nyimbo mbili, na kama hataki ataizima mapema, na hakutakuwa na aliyebembelezwa, wala asipelekewe mpaka aulize mwenyewe. Kisha akamtoa Katekista nje. Maneno ya mtoto wa kwanza, Mama Mdogo akasema, husikiwa na mwenyewe kwanza, ndiyo maana hakutuambia sisi watoto, tusije tukashawishika kusikiliza.

Mimi sikusikiliza nyimbo mbili. Sikumaliza hata moja. Kama sikio langu lingezifikia kwaya mwaka mmoja mapema, ningekaa, kwa raha tu, na ningefika kwa Mama.

Sikumwambia. Nilisubiri mpaka Mama Mdogo alipokwenda shambani, nikaichukua kaseti nikaisikiliza mpaka mwisho. Ule ubeti nilioujua. Kisha Mzee anakohoa, watoto wanacheka, na ikembe linaanza. Alipiga dakika ishirini na zaidi.

Basi kaka, barua ile niliyokuandikia ilikuwa uongo. Sikuwahi kusikia Mama akisema amekusamehe. Maneno yale uliyoyakariri, ya kwamba mapenzi ya mzazi ni mto usiokauka, niliyatunga mimi mezani hapa, nikayafuta mara mbili mpaka yakapendeza. Yalikuwa insha. Mwalimu angenipa alama nzuri. Nilishangaa kwamba hukunishuku, kwa maana Mama hakuwahi kusema Kiswahili cha namna hiyo katika maisha yake, alisema nasi Kirundi, na akikasirika alisema kifupi. Halafu nikaelewa kwamba hukunishuku kwa sababu ulikuwa unayahitaji. Hilo ndilo limenitesa kuliko kaseti.

Wiki iliyopita ilipofika barua yako ya kuiomba kaseti, nilimwambia Mama Mdogo kila kitu. Alikuwa akichambua mbegu. Akaendelea kuchambua, akasema nikuandikie kwamba redio imekula mkanda. Alisema mgonjwa hapewi ukweli kabla ya chakula, na kwamba umeanza kula, je nataka uache? Nilikwenda kwa Katekista Nestori kumwuliza kama alisikia lolote. Alisema alisimama kwenye bani la tumbaku, kile kibanda cha kukaushia, hatua kama thelathini kutoka nyumbani. Aliona Mama amesema kwa muda mrefu, mrefu kuliko alivyosema nasi wote kwa pamoja. Kuna mahali sauti ilipanda. Alidhani anacheka, kisha akadhani analia, na hakwenda kutazama. Ndiyo yote anayoyajua, na hakuna mtu mwingine hai aliyekuwapo.

Nimeamua kutofuata shauri la Mama Mdogo, ingawa ni mara yangu ya kwanza kumkatalia. Nimeshakutungia mama mmoja. Nikikutungia na redio iliyokula mkanda, hutakuwa na kitu chochote cha kweli kutoka nyumbani.

Kimebaki kipande kidogo. Mzee alipochoka nilizima redio, na mkanda ulikuwa haujaisha. Baada ya ikembe kuna kishindo cha kitufe, halafu ni Mama. Sauti yake inatokea katikati ya maneno. Nimeihesabu, ni kama pumzi nne. Nakuandikia hapa kama ilivyo, nimeigeuza tu kwa Kiswahili, wala sikuongeza nukta:

"...kifungo cha pili kutoka juu, kile ulichokuwa unakipoteza kila mara. Nimekishona kwa uzi wa kamba ya mkonge, sasa kivute uone. Limo sandukuni, chini. Nestori, njoo uzime, nimechoka."

Nilifungua sanduku mpaka chini. Lipo shati lako la bluu la kwaya, uliloliacha siku ile. Limefuliwa na kukunjwa. Nimelifunga pamoja na kaseti. Kifungo nimekivuta, hakitoki.

Sitakuambia maana yake. Nilikwisha kukuambia maana mara moja, na umeona yaliyotokea. Huenda alisema maneno magumu kabla ya hapo, maana ulimjua. Huenda alisema mengine. Wewe ulikuwa mtoto wake miaka tisa kabla yangu, utayasikiliza mwenyewe. Ukianza kwenye ule ubeti wa kwaya, usiruke. Ukifika kwa Mzee Telesphor, hata kama utanichukia, msikilize na yeye, kwani hakujua alikuwa anapiga juu ya nini. Katikati aliacha wimbo wa gemu, akaingia kwenye wimbo wa Mama wa Pasaka, na kutoka hapo akaingia kwenye kile kipande ulichokuwa ukipiga kwenye galoni nyuma ya jiko. Alikuwa jirani, alikuwa akikusikia. Siku ile nilidhani anachanganya kwa uchovu.

Kama utaacha kunijibu nitaelewa, lakini tafadhali usiache kula. Nikifaulu, sekondari itakuwa Mpanda mjini, na malori ya Sumbawanga yanapita karibu. Nitakuwa nikija kukuona kila likizo, kama utakubali.

Mama Mdogo Generosa anakusalimu, ingawa amekasirika na hajui nimeandika hivi. Katekista Nestori anakusalimu na anakuombea. Kalista na Salima wanakusalimu bila kukujua, wanakuita mwenye gemu. Msalimie Sista Verdiana, na wenzako wa wodini uliowasomea barua ile, na kama unaweza waambie maneno yale yalikuwa yangu, si ya Mama.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Joséline